Manyoya ya Soksi

Mume wangu Muthamia nusura apelekwe kizuizini kwa sababu ya manyoya ya mbwa. Wengine walipelekwa kwa bunduki, wengine kwa kiapo, wengine kwa kuwapikia watu wa msituni. Wangu manyoya. Mimi nimezeeka, naye amelala kaburini miaka mingi sasa, lakini nikikumbuka mambo yale bado natamani kumshika mabega nimtikise.

Kabla ya Hali ya Hatari tulikaa Kinoru, kila mtu kwenye boma lake. Muthamia alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga kumi na minne kule juu msituni, na ingawa hakuwa amefikia umri wa wazee, akikohoa barazani watu waligeuka kumtazama. Halafu serikali ya wakoloni, ikiwasaka watu wa msituni, ikaufunga msitu. Mizinga ikabaki na nyuki wake, sisi tukaamriwa kubomoa nyumba zetu na kwenda kusongamana katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na lango moja tu. Jirani yangu Teresia akipiga chafya nyumbani kwake, mimi kwangu nilisema pole.

Mtu asiye na kibali hakutoka langoni ila kwa filimbi ya kwenda kuchimba, kazi ya bure. Muthamia alipata kibali kwa kuwa aliajiriwa kwenye kitalu cha kahawa mjini Meru, kwa bwana mmoja wa kilimo, mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kahawa. Kibali hicho ndicho kilichotulisha. Kwa ajili yake, mimi mkewe niliruhusiwa kwenda shambani kwetu mara mbili kwa juma kuchimba viazi na kuchuma mboga, wakati wanawake wengine walipewa saa moja tu, na siku nyingine hata hiyo hawakuipata. Binti yetu Karwirwa alikuwa na miaka minne. Watoto wa rika lake walikuwa wameanza kuvimba miguu kwa njaa. Kwa hiyo nikisema kibali, msomaji ajue nasema chungu cha mtoto wangu.

Sasa nimfikie Soksi. Mke wa Bwana Kahawa, memsahib, alikuwa amekuja na mbwa jike kutoka Ulaya, mdogo, mwenye manyoya marefu ya kujikunja, rangi ya asali changa. Yule jike akaruka ua akakutana na mmoja wa mbwa wetu wa kawaida, wale wekundu wenye mbavu wanaolala jivuni, na kilichozaliwa kikawa Soksi. Alichukua mwili na manyoya ya mama, masikio na tabia za baba. Aliitwa Soksi kwa ajili ya miguu yake minne myeupe. Mume wangu mwenyewe alikuwa hajavaa soksi tangu azaliwe.

Manyoya yale ya Ulaya hayakuumbwa kwa nchi yetu. Yalishika kila mbegu ya kishona-nguo na kila kupe aliyekuwa akipita na safari zake. Siku moja kupe akamwingia Soksi sikioni. Mpishi alipojaribu kumtoa akaumwa mkono, mtunza bustani akaumwa mguu, memsahib akalia. Muthamia alikuwa anapita na miche ya kahawa. Mtu aliyezoea kutia mkono ndani ya mzinga haogopi meno ya mbwa wa kimo kile. Akachuchumaa, akavuma taratibu puani kama alivyokuwa akiwavumia nyuki, akamshika kupe karibu kabisa na ngozi na kumng'oa mzima, kichwa na yote. Kuanzia siku hiyo hakurudi kitaluni.

Nyumbani akaniambia amepandishwa cheo.

"Cheo gani, Baba Karwirwa?"

"Stoo ya mbegu. Natunza mambo ya ndani."

Mambo ya ndani! Kwetu mbwa alikuwa wa kulinda na kuwinda. Akikuta mabaki, alikula. Akipata upele, alijiviringisha jivuni, basi. Hakuna aliyewahi kumpaka mbwa sabuni, sembuse mwanamume mzima mwenye rika na heshima yake. Kwa hiyo nilielewa kwa nini hakusema. Nisichokielewa hadi leo ni kwa nini alinidhania mjinga. Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu, mimi nafua kwa majivu, na mume wangu anarudi kila Jumamosi ananukia maua, mikono laini, nyuzi za rangi ya asali zimeng'ang'ania koti lake. Mbegu gani hizo? Mwanzoni nilidhani ni mwanamke. Nilimtafuta mjini mwanamke mwenye nywele za rangi ile mpaka nikachoka.

Halafu Jumamosi moja ya mvua za mwezi wa nne nilikwenda mjini kugongewa muhuri wa ruhusa yangu ya shamba, nikapita nyuma ya nyumba ya Bwana Kahawa na kuchungulia kwenye ua wa kayaba. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi mbele ya karai. Alikuwa anayapima maji kwa kiwiko, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mtoto wetu alipozaliwa. Akamziba mbwa masikio kwa pamba ili maji yasiingie. Akampaka sabuni kuanzia shingoni kwenda mkiani, kichwa akakiacha mwisho, na muda wote anavuma ule mvumo wake. Akamsuuza mara tatu. Akamkausha kwa taulo nene kuliko blanketi letu, akamweka juani, ndipo akatoa kitana.

Nitasema ukweli, alichana vizuri. Alianzia kwenye ncha za manyoya na kupanda kidogo kidogo, mkono mmoja umeshika shina la manyoya ili ngozi isivutwe. Akifika kwenye fundo hakulivuta. Alilitenganisha kwa vidole, uzi kwa uzi, na likikataa kabisa alilikata kwa mkasi. Alimpanulia vidole vya miguu akitafuta funza, akamwinulia kila ukucha kwenye mwanga aone mshipa unaishia wapi kabla hajaukata ncha. Na huyo mbwa! Amelala chali, anainua mguu mmoja baada ya mwingine bila kuambiwa, kama mteja wa kila siku kwa kinyozi wake. Alipomaliza akaletewa ini la kuchemsha na wali kwenye sahani yenye maua. Mimi nilikuwa na mahindi matupu tumboni tangu jana yake.

"Haya, mwanangu, kula," nikamsikia Muthamia akisema.

Mwanangu! Nilirudi kijijini nimefura kama mkate. Nikamenya viazi, nikapika. Alipoingia nikamuuliza, "Mbegu hazijambo?"

"Hazijambo," akasema, akanawa mikono.

Nikampakulia viazi. Mtu akiamua kuwa wa mbegu, na awe wa mbegu, mradi kibali kipo.

Hapa lazima nieleze jambo la nywele, maana ndilo lililotuponza. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Akinyolewa, nywele na kucha hukusanywa, hufungwa kwenye jani la mgomba na kuzikwa mahali pasipojulikana, ili mwenye nia mbaya asizipate akamdhuru nazo. Sisi tulikuwa Wakristo, tulibatizwa misheni ya Kaaga na nyimbo tulizijua kwa moyo, lakini ubatizo ni jambo moja na nywele ni jambo lingine. Anayekunyoa na kuzika nywele zako ni yule unayemwamini kuliko wote. Muthamia alinyolewa na mimi tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Alikaa kigodani, akafumba macho, na wembe ukipita kwenye sikio hakutikisika. Nilizika mimi, na hakuwahi kuniuliza wapi.

Sasa kwa Bwana Kahawa manyoya ya Soksi yalitiwa pipani, na pipa lilimwagwa kwenye shimo kando ya barabara, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kujichukulia. Jambo hilo lilimkosesha mume wangu raha. Baadaye sana alinieleza alivyofikiri. Mbwa yule ana jina, ana blanketi, ana daktari, anakula kwa sahani. Akidhuriwa, ataulizwa nani? Basi kwa upande wa nywele, mbwa yule ni mtu. Kila Jumamosi, kwa hiyo, aliyafunga manyoya na kucha kwenye jani la mgomba, akayaficha ndani ya koti, na alipokaribia nyumbani akayazika chini ya migomba iliyokuwa kando ya handaki la kijiji. Kando ya handaki! Nchi nzima ya Meru ina migomba kila bonde, naye akachagua ile iliyokuwa machoni pa mlinzi wa lango.

Mwezi wa tisa, mwaka wa 1955, ikaja amri kwamba handaki lipanuliwe. Siku ya Jumatatu wanawake tulipangwa mstari na majembe. Jembe la Teresia ndilo lililotoa bunda la kwanza. Akaliokota akidhani ni chakula kilichofichwa, akalifungua, akalitupa na kupiga ukelele uliowatoa homugadi, wale wenzetu waliopewa bunduki na serikali, wote kwenye kituo chao. Likatokea la pili, la tatu. Yalikuwa saba yaliyokuwa bado hayajaoza, na kila moja lilikuwa na nywele za kujikunja na kucha ndogo nyeusi.

Siku zile jani la mgomba lililofungwa kitu na kuzikwa lilikuwa na maana moja tu, kiapo cha watu wa msituni. Watu walikuwa wamekamatwa kwa jani tupu. Mwongera, mkubwa wa homugadi wa kijiji chetu, mtu ambaye kabla ya kupewa bunduki alikuwa akiuza ugoro, akachukua nywele kidogo akaziinua juani.

"Hizi ni nywele za mzungu," akasema.

"Na kucha?" akauliza mwenzake.

Mwongera akafikiri. "Za chui."

Hakuna aliyecheka. Watu walimwomba Mungu kimoyomoyo. Mimi nilikuwa nimeyajua manyoya yale kabla jani halijafunguka vizuri, maana nilikuwa nimeyabandua kwenye koti la mume wangu kwa miezi. Nikashikwa na hofu na kicheko kwa pamoja, nikainama kuchimba.

Tukakalishwa uwanjani, kijiji kizima, mikono kichwani. Mwongera akatangaza kwamba lori litakuja kesho asubuhi. Kama mwenye mabunda hatajitokeza, litachukua wanaume kumi, wowote watakaokuwa karibu. Tulikuwa bado tumekaa pale Muthamia alipoingia langoni jioni. Akaona yale mabunda yaliyopangwa chini, akaona wanaume wa rika lake na mikono kichwani. Akasimama mbele yao.

"Waacheni hao," akasema. "Niliyezika ni mimi."

Hapo nilijivunia mume, nakiri.

"Nywele za nani?" akauliza Mwongera.

"Hilo ni la kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Stoo ya mbegu."

Nikafumba macho. Mwongera akampiga kitako cha bunduki begani, wakamburuta hadi kwenye kizimba cha seng'enge karibu na lango, na kibali chake kikaingia mfukoni mwa Mwongera.

Asubuhi niliruhusiwa kumpelekea uji. Nilimkuta amekaa chini, bega limevimba, uso umetulia kama wa mtu aliyeko kanisani. Utulivu ule ulinichefua.

"Baba Karwirwa, waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ni manyoya ya mbwa."

Akanitazama kana kwamba nimemvua nguo. "Umejua lini?"

"Tangu mvua za mwezi wa nne. Kunywa uji."

Akanywa kidogo. Akaangalia kama kuna anayesikia, kisha akaniita kwa jina, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu nizae. "Jedidah, usiseme. Wanaume niliotahiriwa nao wako hapa. Walinisikiliza. Nikienda kizuizini, nitarudi mwanamume. Hilo likisemwa, nitabaki hapa niwe nini?"

"Utakuwa baba mwenye kibali."

"Usiseme, nakuomba."

"Na Karwirwa atakula nini?"

Alinirudishia kibuyu kupitia kwenye seng'enge, akaniambia nimpelekee mtoto. Kilikuwa zaidi ya nusu. Alikuwa hajala tangu jana mchana, bega limevunjika nusu, na ameuacha uji kwa ajili ya binti yake, lakini neno moja la kumwachia mtoto baba yake hataki kulitamka! Nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, nikaondoka nikigonga kile kibuyu pajani.

Lori likaja, na mbele yake Landrova yenye afisa kijana wa kizungu mwenye shingo nyekundu, pamoja na mkalimani wake, Nyaga, mtu wa Embu. Tukakalishwa tena uwanjani. Mwongera akasimama wima.

"Afande, hii mtu nakubali yeye mwenyewe nazika. Hii nywele ya mzungu, na hii kucha ya chui. Hii maneno mbaya sana."

Afisa akazigeuza zile nywele kwa kalamu, na ile shingo yake ikabadilika rangi. Akasema neno moja. Nyaga akalifasiri, "Apande."

Muthamia akaweka mguu kwenye gurudumu la lori. Hakutazama nyuma. Nilimwona Karwirwa amekaa mapajani mwa Teresia, analamba kidole alichokuwa amekichovya kibuyuni. Nikasimama. Nilisema kwa Kimeru ili kila mtu asikie, halafu nikasema kwa Kiswahili changu cha kuungaunga ili afisa naye asikie.

"Hiyo nywele ni ya mbwa! Bwana yangu anaosha mbwa ya Bwana Kahawa! Anaosha yeye na sabuni, anachana yeye, anakata yeye kucha, kila Jumamosi! Stoo ya mbegu hakuna!"

Mtu mmoja nyuma akakohoa, nikajua hicho si kikohozi.

"Huyu mama nadanganya, afande," akasema Mwongera, amekasirika kweli. "Mutu muzima hawezi osha mbwa."

Nyaga akamgeukia Muthamia. "Wewe unasema nini? Ni kweli unaosha mbwa?"

Na mume wangu, akiwa na mguu mmoja juu ya lori la kizuizini, akasema, "Huyu mwanamke amechanganyikiwa kwa hofu. Mimi sijui habari za mbwa."

Kama ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia. Nilimwambia Nyaga basi waende wamwulize memsahib, ni karibu, si wana gari? Wakamlete na huyo mbwa. Afisa akatazama saa yake, akatazama zile kucha, akatuma Landrova. Tukakaa juani tukingoja. Muthamia hakunitazama hata mara moja.

Memsahib alifika amembeba Soksi kwapani, nywele zake mwenyewe hazijachanwa. "Nini hii?" akapaza sauti. "Mutamia iko wapi? Soksi kwisha chafu kabisa!"

Alikuwa anasema kweli. Asubuhi moja tu bila Muthamia, mbwa alikuwa amejaa kishona-nguo kuanzia tumboni hadi masikioni. Akaruka kutoka kwapani, akampitia Mwongera na kumng'ata kifundo cha mguu kama salamu, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye lori. Alipomfikia mume wangu akalala chali mavumbini, akainua mguu wa kwanza.

Muthamia akatazama mbinguni.

Soksi akangoja. Mguu ukaanza kumtetemeka, akaushusha, akainua wa pili. Mume wangu akatazama milima, akatazama mikono yake. Halafu, kwa bahati mbaya, akamtazama mbwa. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwapo kupe mnene wa kijivu, ameshiba. Nilimwona Muthamia anamwona. Nilimwona anajizuia, taya linacheza. Ule mguu ukaendelea kutetemeka hewani.

Akashuka kwenye gurudumu. Akachuchumaa, akaanza kuvuma, na vidole vyake vikaenda vyenyewe. Kupe akatoka mzima. Akalishika fundo lililokuwa shingoni na kuanza kulitenganisha uzi kwa uzi, akazibandua zile mbegu za kishona-nguo moja moja na kuziweka kwenye kiganja, na nadhani kwa dakika hizo alisahau kwamba tuko pale.

Ndipo kicheko kikapasuka. Teresia alicheka akaanguka kando na mtoto wangu mapajani. Wanaume waliotahiriwa naye walipiga mapaja. Homugadi walicheka, hata dereva wa lori. Afisa aliyaweka manyoya ya jani karibu na manyoya ya mbwa, akayatupa, akasema maneno ambayo Nyaga alikataa kuyafasiri. Mwongera, huku akishika kifundo chake, akakitoa kile kibali mfukoni. Nilikwenda kukichukua mimi, maana mwenyewe alikuwa bado amechuchumaa, na sasa alikuwa hawezi kuinua kichwa.

Nilikuwa nimemwokoa. Siku hiyo Karwirwa alikula viazi, fungu langu nikamwongezea, nikalala njaa.

Muthamia hakunisemesha tena. Sizungumzii juma moja. Miezi tisa! Katika nyumba ambayo mkinyoosha miguu mnagusana nyayo, mtu huyo aliweza kuishi nami bila kuniambia neno. "Karwirwa, mwambie mama yako uji una moshi." "Karwirwa, muulize mama yako koti liko wapi." Koti liko mgongoni kwake! Mtoto wa watu akawa mkalimani kama Nyaga. Langoni walimpa jina, Dobi wa Mbwa, na kila asubuhi homugadi walimuuliza kama mteja wake ameamka salama. Alipita bila kujibu, akaenda kumwogesha, kwa sababu kibali kingine hakuwa nacho.

Hayo yote niliyavumilia kwa kuyapigia kelele. Lililoniumiza lilikuwa lingine. Nywele zake ziliota mpaka zikamfunika masikio. Kila mwisho wa mwezi nilitoa kigoda nje, nikaweka wembe juu yake, na kila mara alivipita. Kisha siku moja akarudi kutoka mjini amenyolewa na kinyozi wa sokoni, mtu asiyejuana naye hata kwa ukoo, na ndani ya koti amebeba bunda lake dogo la jani la mgomba. Akaenda kulizika peke yake. Nilisimama mlangoni na ufagio mkononi, nikalia kwa hasira, halafu nikalia tu.

Mwaka wa 1956, mwezi wa sita, Bwana Kahawa akaitwa kwao. Memsahib alilia, lakini melini, walisema, nafasi ilikuwa ya yule mbwa jike wa Ulaya, mama yake Soksi, peke yake. Chotara angebaki, na daktari wa mifugo angekuja Ijumaa kumchoma sindano ya mwisho. Habari hizi nilizipata kwa Teresia, maana kwa mume wangu ningezipata wapi?

Alhamisi mchana, jua likiwa kali na kijiji chote kiko nje, Muthamia akaingia langoni. Begani amebeba karai. Ndani ya karai kuna kitana, mkasi, kipande cha sabuni na lile taulo nene. Nyuma yake, bila kamba, anafuata Soksi. Homugadi wakaanza, "Dobi! Dobi!" Akasimama. Akawasalimia mmoja mmoja kwa majina, Mwongera wa mwisho, akangoja kila mmoja aitikie, akaendelea na safari yake katikati ya nyumba, polepole, kama zamani alipokuwa akirudi na asali.

Akatua karai mbele ya mlango wetu. Akaingia ndani, akatoka na mtungi wangu, akamimina.

"Maji yangu!" nikapiga kelele. "Maji niliyopanda nayo mlima! Mbwa ataoga, sisi tutapikia mate? Karwirwa, muulize baba yako kama amerogwa!"

Akapima kwa kiwiko. Akaziba masikio ya mbwa kwa pamba. Watu wakakusanyika, akawaacha wakusanyike, akamwogesha Soksi pale mbele ya macho yao wote, akamsuuza mara tatu, akamchana kuanzia kwenye ncha. Wengine walicheka, lakini kicheko hakikupata mtu wa kukipokea, kikaisha. Mmoja baada ya mwingine wakaenda zao. Karwirwa alikaa karibu akikabidhiwa kishona-nguo ashike. Baba yake alipomaliza na mbwa, akamshika mtoto mkono na kumkata kucha, kila ukucha ukiinuliwa kwanza kwenye mwanga.

Mimi nilikuwa bado nanung'unika habari za maji. Akaweka manyoya na kucha zote kwenye jani la mgomba. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda na wembe. Akakaa, amenipa mgongo.

"Mama Karwirwa," akasema.

Nikageuka kutafuta anamwambia nani.

"Ukimaliza kunung'unika, ninyoe."

Nilimnyoa. Alikuwa amefumba macho, na wembe ulipofika kwenye sikio hakutikisika. Kulikuwa na mvi ambazo miezi tisa nyuma hazikuwapo, nami sikuwa nimeziona zikiingia. Nilizikusanya nywele zote kutoka begani na mapajani mwake, nikatazama huku na huku nitafute jani lingine.

"Tia humo humo," akasema.

Nikazitia pamoja na manyoya ya mbwa na kucha za mtoto, nikalifunga jani, nikaenda kulizika. Mbali na handaki, bila shaka, maana nyumbani kwetu mwenye akili alikuwa mmoja tu. Niliporudi nilimkuta bado amekaa kigodani, kichwa kinang'aa, Soksi amelala miguuni pake. Hakuniuliza wapi.